Msiba wa Rais wa Ufaransa

Kati ya Mbeya na Iringa hakuna mazungumzo ya basini yanayonipita, isipokuwa ya upande wa kushoto, maana sikio hilo lilishakufa. Bahati nzuri Sedekia alikaa kulia kwangu, pamoja na Tupokigwe, mjane wa kaka yake.

“Mwaka jana hukuja kumzika kaka yako,” Tupokigwe alisema. “Leo tukifika Iringa unataka nikupokee nyumbani kwa uso gani?”

“Nilikuwa Ufaransa, shemeji, nasomea mashine za mbao. Na huko nako Rais wao akafariki mwezi wa nne, wa tano wakachagua mwingine. Ningetokaje?”

Hayo hata mimi niliyasikia redioni nikimenya viazi.

“Msibani kwake ulikwenda?”

“Nikose? Tulilala matanga, tukachinja madume, wanaume tukacheza na mikuki. Mjane wake alikaa chini, juu ya majani ya migomba.”

Tupokigwe alimtazama kwa utulivu. “Kumbe Wafaransa wanazika kama sisi Wanyakyusa. Basi njia ya msibani unaijua, shemeji. Ni ya kwa kaka yako tu iliyokushinda.”

Basi liliposimama Mafinga, Sedekia alishuka na mzigo wake. Tiketi yake ilikuwa ya Iringa.