Mwalimu Nyokabi Aliyetaka Ushahidi

Mchungaji wetu, ndugu na jamaa mliotoka karibu na mbali, majirani wa Bredäng, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake mliojaza viti vya nyuma, familia imemchagua kaka yake mkubwa, Ernest, awasomee maisha ya marehemu tangu kuzaliwa hadi kulala kwake, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlizozoea, na kuna mahali msomaji mwenyewe atapata shida kupita.

Felicia Nyokabi Mwaura alizaliwa tarehe 2 Agosti 1976 huko Ol Kalou, Nyandarua, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Mwaura na Mama Wamuyu, ambao wote wawili wametangulia, na tangu udogo alikuwa mtoto wa maswali, ukimwambia mvua itanyesha anakuuliza umejuaje, ukimwambia fulani ni mwizi anakuuliza nani alimwona, hata mama yake akawa anasema kwamba mdomo ule utamfikisha mahakamani, ama kama hakimu ama kama mshtakiwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1983 na kumaliza la nane mwaka 1990, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia 1991 hadi 1994, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 1996, akahitimu shahada ya ualimu, Kiingereza na fasihi, mwaka 2000, na ni huko chuoni alikokutana kwa mara ya kwanza na fasihi ya Wamarekani, zile simulizi za watu waliovuka maji wakaanza upya, na za watumwa waliojifunza kusoma kwa kujificha, akatuandikia barua nyumbani kwamba watu hawa wanaandika kama mtu anayetoa ushahidi, na kwamba hataki kufundisha kitu kingine maisha yake yote.

Alifundisha Nakuru kuanzia Januari 2001, na tarehe 22 Agosti 2004 akafika hapa Stockholm kwa masomo ya uzamili, akapanga chumba kule Rissne, orofa ya nne, na baada ya masomo alifanya kazi ambayo wengi wetu humu ndani tunaijua, ya kuwaogesha wazee wa watu na kuwachemshia kahawa, huku akisoma Kiswidi jioni, hadi alipopata leseni ya ualimu mwaka 2010, na Januari 2011 akaajiriwa katika shule moja ya sekondari ya juu, ile wanayoiita jimnasiet, upande wa Spånga, akafundisha hapo fasihi ya Marekani kwa miaka kumi na minne.

Kabla ya hapo alikuwa amekutana na Évode katika kwaya yetu ya Kiswahili, Évode aliyetoka Burundi kama mkimbizi mwaka 1998 na ambaye mpaka leo anaendesha treni za chini ya ardhi, na kwa kuwa mmoja hakujua Kikuyu na mwingine hakujua Kirundi, Kiswahili cha Bujumbura na Kiswahili cha Nakuru viligombana mwaka mzima kabla havijakubali kuoana, wakafunga ndoa tarehe 20 Mei 2006, Mungu akawajalia watoto wawili, Inès aliyezaliwa tarehe 11 Februari 2007 na Gaël aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2011, na tangu Juni 2008 nyumba yao ya Bredäng imekuwa nyumba ya kila mtu, kwa maana hakuna aliyebisha hodi pale akarudi na njaa.

Sasa lazima tuseme habari za ile karatasi. Siku ya kwanza ya kila mwaka wa masomo marehemu aliwagawia wanafunzi wake ukurasa mmoja ulioandikwa juu Matarajio na Malengo, mwanafunzi anatia sahihi, mzazi anatia sahihi, naye anatia sahihi, na ukurasa huo ulisema kwamba mlango ukifungwa umefungwa, kwamba kurasa thelathini zisomwe kabla ya kila kipindi, kwamba anayesoma kwa sauti mbele ya darasa asikatizwe kwa lolote, kwamba hakuna dai litakalopokelewa bila ushahidi, na uwe ushahidi wa aliyeona kwa macho yake, na kwamba kila insha itaandikwa mara mbili kabla ya kupewa alama, ambapo lengo la mwaka lilikuwa moja, kwamba ifikapo Juni kila mtoto, hata yule anayetetemeka, asimame dakika tano atetee wazo lake mwenyewe. Watoto waliofukuzwa shule nyingine walisimama kwake wakatetea, na baadhi yao wamebeba jeneza leo.

Tarehe 19 Agosti 2024 ukurasa ule uligawiwa kwa mara ya mwisho, kwa wanafunzi ishirini na sita, na mmoja wao alikuwa Inès, binti yake, kwa sababu mwalimu wa somo hilo shuleni alikuwa mmoja tu. Évode alitia sahihi ya mzazi, marehemu akatia ya mwalimu, wakakubaliana kwamba shuleni hakuna mama wala mwana, watasemeshana Kiingereza kama wengine, na Kiswahili kitabaki nyumbani, ingawa nyumbani nako Inès alikuwa akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiswidi.

Tarehe 12 Septemba 2024 marehemu aliita majina darasani, akawaita wanafunzi watatu kwa majina ya watu waliohitimu miaka sita iliyopita, darasa likacheka, naye akacheka. Tarehe 3 Oktoba alisimama kuwasomea, akafika mwisho wa ukurasa, akaurudia kuanzia juu, akafika mwisho, akaurudia tena, kwa sauti ile ile na kwa kutulia pale pale, na watoto ishirini na sita walikaa kimya wakamsikiliza mara tatu, kwa kuwa wote walikuwa wametia sahihi kwamba anayesoma hakatizwi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumapili iliyofuata, tarehe 6 Oktoba, baada ya ibada, tukiwa tumekaa mezani Bredäng tunakula, Inès alisema mbele yetu sote, tena kwa Kiswahili, jambo ambalo lingetosha kutushtua, kwamba mama ni mgonjwa na apelekwe kwa daktari. Kwetu sisi kumtajia mtu mzima ugonjwa naye ameketi anakula ni kuuita ugonjwa wenyewe mlangoni, na kaka yake marehemu, huyu anayewasomea, alimwambia mtoto aache uchuro, amtakie mama yake mema, ale anyamaze, na marehemu mwenyewe akatabasamu akasema kwamba dai lisilo na ushahidi ni umbea, atakayeleta ushahidi kamili kama ukurasa unavyotaka, atakwenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Tulicheka, chakula kikaendelea. Sisi watu wa kanisa, tunaoweza kuomba saa tatu mfululizo, tulishindwa kumsikiliza mtoto dakika tatu.

Kuanzia siku hiyo Inès alianza kuandika. Aliandika siku chumvi ilipotiwa kwenye chai, siku mama alipoamka anatapika na kichwa kinauma upande mmoja, siku alipomtafuta Gaël katika shule ya chekechea aliyoiacha zamani, kila siku na tarehe yake, na tunakiri kwamba baadhi yetu tuliliona daftari lile tukaliogopa, tukamwambia Évode alichome.

Tarehe 14 Novemba marehemu alitoka shuleni saa tisa alasiri, akapanda treni ya laini ya buluu badala ya nyekundu inayokwenda Bredäng, akashuka Rissne, akapanda hadi orofa ya nne ya jengo alilohama miaka mingi iliyopita, akasimama mlangoni akijaribu kufungua kwa ufunguo wa Bredäng. Aliyemkuta ni Laurence, jirani yake wa enzi zile ambaye bado anakaa pale, na marehemu alimsalimu vizuri kabisa, akamuuliza kama barua yake kutoka Nakuru imefika. Laurence alimwingiza ndani, akampa chai, akampigia simu Évode, na Évode alipofika mke wake alikuwa amesharudiwa na akili, akamwapisha asiseme kwa mtu, akisema ni uchovu tu, na Évode alipomnong'oneza shemeji yake Ernest, shemeji akamwambia tuongeze maombi. Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakukosea.

Insha ya kwanza ya mwaka ilikuwa ni kila mwanafunzi kuchagua dai moja kutoka maisha yake na kulitetea kama shahidi, kwa namna ya wale waandishi waliokuwa wakiwasoma, na tarehe 25 Novemba Inès alikabidhi kurasa sita zenye kichwa kwamba mwalimu wetu ni mgonjwa, na ushahidi kumi na mmoja. Nyumbani hawakulizungumzia. Tarehe 28 Novemba alirudishiwa, ameondolewa koma mbili, na pembeni ya ushahidi wa sita, ule wa Rissne, mwalimu ameandika kwamba huu ni wa kusikia, mwandishi aliambiwa na babake, naye babake hakuuona mwanzo wake, atafutwe aliyeona, na insha iandikwe mara ya pili kama kanuni inavyosema. Binti alikwenda Rissne peke yake, akaketi na Laurence, akaandika neno kwa neno, akamwomba atie sahihi, na kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja.

Tarehe 9 Desemba 2024 alimkabidhi mwalimu wake insha ya pili. Marehemu aliisoma akiwa amesimama kwenye ukumbi wa shule, alipoimaliza akaisoma tena tangu mwanzo, na Inès anasema hakujua kama mama anarudia kwa kutaka au kwa kusahau, na kwamba hajawahi kuogopa kama alivyoogopa hapo. Kisha akaandika alama A, akavaa koti, akamwambia bintiye kwa Kiswahili, ndani ya jengo ambamo hakuwahi kumsemesha Kiswahili, kwamba umenishinda, mwanangu, twende.

Siku hiyo hiyo hospitalini ilionekana kuna uvimbe kwenye ubongo. Daktari aliuliza dalili zilianza lini, na Inès akaweka insha yake mezani. Marehemu alipasuliwa tarehe 17 Desemba, akarudi Bredäng tarehe 8 Januari 2025, Februari maneno yakamwisha, kwanza Kiswidi, kisha Kiingereza, na Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akalala, Évode akiwa amemshika mkono na Inès akimsomea kwa sauti. Madaktari hawakutuambia kwamba zile wiki tulizopoteza zingemponya, na tulipouliza hawakutuambia kwamba zisingemponya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Bredäng waliotuletea chakula mpaka tukakosa pa kukiweka, Laurence aliyemfungulia mlango, walimu wenzake waliochukua darasa lake, na wanafunzi wake, ambao tumeambiwa wataendelea hadi Juni na kila mmoja atasimama dakika zake tano.

Limebaki moja. Tulipoandika historia hii tuliandika, kama inavyoandikwa kila mahali, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na jana jioni tulimpa Inès aisome, akarekebisha mahali pamoja tu, akakata maneno muda mfupi, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, siku mia moja themanini na nne. Tulihesabu kuanzia siku ile ya kuitwa majina darasani, tukakuta ni kweli. Kwa hiyo familia inasema mbele yenu kwamba Felicia Nyokabi aliugua siku mia moja themanini na nne, kwamba nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja aliyeona tangu mapema akasema, na kwamba aliyemnyamazisha ni mjomba wake, ndiye huyu anayesoma, naye anamwomba Inès msamaha, akijua kwamba mtoto hana wajibu wa kumjibu leo, wala kesho.

Mama Inès, dada yetu, Mwalimu, kazi yako imepokelewa. Pumzika sasa, na amani ya Mungu ikae nawe.