Mama Marcelline Kavira na Siku Moja ya Redio ya Waingereza

Tarehe 31 Mei 2018, baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi, Mama Marcelline Kavira anakabidhi funguo za chumba cha kunakilia sauti na kuanza kustaafu. Sisi wa Redio Ujirani hapa Bellevue tumekuwa tukiiogopa tarehe hiyo tangu Januari.

Alizaliwa Butembo, akaja Johannesburg akiwa fundi cherehani. Mwaka 1997 kituo kilimwita ashone mapazia mazito ya studio, ili honi za teksi zisiingie hewani. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Siku ya nne alikutwa ameinamia mkanda wa sauti uliokatika, akiuunga kwa wembe na gundi. Ulipochezwa, hakuna aliyetambua ulipokatikia. Wiki hiyohiyo akaajiriwa.

Chumba chake kilikuwa na sheria. Aliyeingia na magwinya, yale maandazi ya mafuta ya hapa, mkononi alitolewa nje, hata mkurugenzi wetu, Bwana Lambert, ambaye siku moja aliyamalizia kwenye ngazi bila kulalamika.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ilikuja mwaka 2016. Msikilizaji wetu Angélique, aliyekuwa akimtunza bibi mmoja wa Kiingereza kule Kensington, mtaa wa jirani hapahapa Johannesburg, alituletea sanduku la santuri tisa. Mwenyewe, Bibi Winifred, alikuwa na miaka themanini na minane. Aliondoka kwao Uingereza kwa meli mwezi Januari 1948, akiwa binti wa miaka ishirini. Siku hiyohiyo ya safari, kaka yake aliweka kipaza sauti mbele ya redio ya nyumbani, akawa anarekodi kwenye santuri vipande vya matangazo tangu asubuhi hadi usiku, kisha akamtumia dada yake santuri hizo kwa posta, apate kujua siku aliyoondoka iliishaje.

Bibi Winifred hakuzisikiliza hata mara moja. Miaka ya mwanzo aliogopa kwamba akizisikia atapanda meli arudi. Baadaye mashine ya kuzichezea iliharibika, na miaka ikapita.

Santuri zenyewe zilikuwa za kioo kilichopakwa laka nyeusi, na laka ilikuwa imeanza kubanduka. Mama Marcelline alituambia kwamba kila upande ungevumilia sindano mara moja tu. Alizisafisha kwa wiki tatu. Alipozicheza huku akizinakili, tulisikia mazoezi ya viungo ya asubuhi, sala, muziki wa kuwachangamsha wafanyakazi wa viwandani, kipindi cha kina mama kuhusu mapishi ya sukari ya mgao, hali ya hewa kwa mabaharia, na taarifa ya habari ya saa tatu usiku. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na sahani zinazogongana, mbwa, na mama mtu akimnyamazisha kijana wake.

Bwana Lambert alipendekeza sauti hizo za nyuma ziondolewe kwa kompyuta, redio isikike safi.

"Directeur, hii haiko makelele," Mama Marcelline alimjibu. "Hii ni nyumba ya watu."

Zikaachwa.

Ilipobaki santuri moja, yenye lebo ya saa kumi na mbili jioni, ilimponyoka akiwa anaikausha, ikavunjika vipande vitano. Mwandishi wa maneno haya alikuwepo, na kwa aibu anakiri alichomshauri: aseme ilifika imevunjika.

"Ndugu Khatibu," alinijibu, "mikono ilikuwa yangu. Na mdomo utakuwa wangu."

Alivifunga vipande kwenye kitambaa, akaenda Kensington kwa miguu, maana hakutaka vitikiswe kwenye teksi. Nami nilimfuata. Alimweleza Bibi Winifred yote, akafungua kitambaa mezani, akasimama kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Bibi aliuliza ni saa ipi iliyovunjika. Alipoambiwa, alimwomba Mama Marcelline aketi.

"Sikuisikia, lakini saa hiyo ya nyumbani naijua," alisema. "Kipindi cha watoto kimekwisha, inakuja taarifa ya habari. Mama anaosha vyombo, anaimba chini chini, na anakosea maneno. Kaka anamwambia, Mama, unarekodiwa. Naye anaendelea kuimba."

Mama Marcelline aliomba ruhusa, akatoa kinasa sauti mkobani. Bibi alisimulia kwa dakika nne, na mwisho akauimba mwenyewe ule wimbo, na maneno akayakosea vilevile kama mama yake. Walilia wote wawili. Mama Marcelline aliniambia njiani kwamba yeye pia hakujua siku aliyoondoka Butembo iliishaje.

Jumamosi moja ya Agosti tuliirusha siku ile nzima, kila kipande kwa saa yake, nami nikitafsiri. Sauti ya Bibi Winifred ilikaa mahali pa santuri iliyovunjika. Tulihofia kwamba Mkongomani au Mtanzania wa Johannesburg hana haja na redio ya zamani ya Waingereza. Saa nne asubuhi simu zikaanza. Dada Fauzia, muuza vitambaa wa katikati ya jiji, alisema mama yule anabamiza sufuria kama mama yake wa Tanga.

Wiki iliyofuata watu walianza kuleta kaseti zao: harusi za Bukavu, mawaidha ya Unguja, salamu za wazazi ambao hawapo tena. Mama Marcelline amekwisha kunakili mia tatu na arobaini, na hakuna aliyerudishiwa kaseti bila nakala yake. Bibi Winifred alifariki mwaka jana, akiwa amesikiliza siku yake mara nyingi. Angélique anasema aliipenda zaidi saa kumi na mbili.

Mama Marcelline, aksanti kwa kazi na kwa ukweli wako. Unakwenda Durban kwa binti yako Murielle, kwenye joto na wajukuu. Tunakuombea afya njema, usingizi mzuri na majirani wapole. Murielle, mama yetu tumekukabidhi. Mlazimishe apumzike, ingawa sisi tulijaribu miaka ishirini na mmoja tukashindwa.