Stanslaus Mihayo Ngasa, Mwenye Daftari la Makaburi

Marehemu Stanslaus Mihayo Ngasa alizaliwa tarehe 8 Agosti 1954, kusini mwa mji wa Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Mihayo Ngasa na Mama Salvina. Alipokuwa na miaka minne, baba yake aliswaga ng'ombe kuelekea magharibi kutafuta majani, na familia ikawafuata ng'ombe. Walikusudia kukaa Bukombe kiangazi kimoja. Hawakurudi.

Alisoma shule ya msingi Ushirombo kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na huko ndiko alikobatizwa. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba ya baba yake ilibomolewa na familia ikapelekwa kijiji kipya, umbali wa kilomita kumi na moja. Kuhusu siku ile alisimulia jambo moja tu. Walipokwisha kushusha mizigo, mama yake aliuliza nani atafagia kaburi la bibi.

Mwaka 1976 aliajiriwa Tabora kuwa karani wa mizigo wa reli. Alipata uhamisho kwenda Isaka mwaka 1984, na kwenda Shinyanga mwaka 1989. Alikuwa na mwandiko mzuri, na hakuamini kitu chochote ambacho hakijaandikwa.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na Evelina Wilbard katika kanisa la Ushirombo. Kila walipohama, aling'oa mlango wa mninga aliopewa na baba mkwe wake na kuupakia kwanza.

"Baba Noela, wenzako wanahama na vyungu, wewe unahama na mlango!" mke wake alimtania wakiwa Isaka, mbele ya wapakiaji.

"Vyungu tutanunua huko," alijibu. "Mlango huu nitaununua wapi, Mama Noela? Baba yako hauzi."

Mlango huo bado upo nyumbani Kalangalala, mjini Geita.

Alipunguzwa kazini mwaka 1996. Mwaka uliofuata aliwafuata wachimbaji wadogo hadi kitongoji cha Nyabulanda, Geita, akafungua duka la sabuni, betri na sururu. Mwaka 1999 wananchi walimchagua kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Nyabulanda ilikuwa ya watu waliotoka kila upande, na walipokufa walizikwa nyuma ya nyumba, wengi bila msalaba. Mwenyekiti alinunua daftari akaanza kuandika: jina, tarehe, na hatua ngapi kutoka wapi.

Tarehe 3 Aprili 2001 aliandika jina la Kabula, mtoto wa miezi mitano, binti wa Mbuke na Mayala. Hatua tisa mashariki ya jiko. Mwaka uliofuata Mayala alihamisha ng'ombe kwenda Mpanda. Asubuhi ya kuondoka, Mbuke alipita dukani.

"Baba Noela, mtoto namwacha. Umwangalie."

"Nenda, Mama Kabula. Nitamwangalia."

Mwaka 2006 kitongoji kizima kilihamishwa kupisha mgodi. Walio hai walihamishwa kwanza, kisha wafu. Daftari la Mwenyekiti lilikuwa na makaburi sitini na matatu, na kila kaburi lilipewa namba na kisanduku. Yalipokosekana mabaki, utaratibu uliruhusu kuchukua udongo, mradi ndugu awepo na aambiwe. Kabula alipewa namba 41. Ndugu hakuwepo.

Mwenyekiti alihesabu hatua tisa, vijana wakachimba, wakakuta udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa na jembe. Msimamizi wa uhamisho akamuuliza, "Mzee, hapa pana kaburi au hapana?"

"Lipo."

Wakachimba tena. Lori lilikuwa linasubiri. Mwenyekiti akachota udongo kwa mikono yake, akaujaza kisandukuni, akapigilia misumari. Katika daftari aliandika: amehamishwa.

Wiki mbili baadaye alikumbuka. Wachimbaji waliopanga nyumba ya Mayala walikuwa wamevunja jiko la zamani na kujenga jingine upande wa pili. Alikuwa amehesabu kutoka jiko jipya. Alikwenda mbio hadi kwenye uzio wa mgodi. Mahali pale palikuwa pameshamwagwa mawe, urefu wa nyumba mbili.

Novemba 2014 Mbuke alirudi kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti alimpeleka kwenye makaburi mapya na kumwonyesha namba 41. Mbuke alipiga magoti, akasalimia kwa Kisukuma: "Mhola, ng'wanone?" Hujambo, mwanangu? Tangu mwaka huo alikuja kila Novemba, mara kumi na moja, akimletea Mwenyekiti asali ya Mpanda. Asali hiyo haikuliwa. Ilikutwa stoo, madumu kumi na moja, yote yamefungwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alitibiwa Mwanza, kisha akaomba kurudi nyumbani. Wakati wa ugonjwa alikuwa akiamka na kuhesabu hatua chumbani, hadi tisa, kisha anasimama akitazama sakafu. Tarehe 29 Desemba 2024 aliwaambia mkewe na binti yake mkubwa, Noela, yote yaliyoandikwa hapa.

"Yasomwe siku nikizikwa," alisema. "Msianze kunisifu kabla ya hilo. Na mnirudishe Shinyanga. Kwenye makaburi yale siwezi kulala."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Mama Kabula alifika jana kwa basi kutoka Mpanda. Familia ilimweleza kabla hajakaa. Akauliza, "Sasa miaka yote hiyo nilikuwa namsalimia nani?"

Alipoambiwa kuwa gari la kwenda Shinyanga limeshakodiwa, alisimama.

"Ahame tena? Mimi nibaki na udongo peke yangu? Hapana, Mama Noela. Aliniambia atamwangalia. Mlazeni pale pale, pembeni ya namba 41. Hata kama hakuna mtu humo, aangalie."

Mama Noela alikubali. Gari limerudishwa. Wasifu huu unasomwa kwa ridhaa ya Mama Kabula, naye amekaa safu ya mbele.

Marehemu ameacha mjane, Evelina. Watoto wanne, Noela, Donatus, Juliana na Ansgar. Na wajukuu tisa. Ameacha pia daftari. Kwenye mstari wa 41, neno "amehamishwa" limekatwa asubuhi ya leo, na Mama Kabula mwenyewe ameandika: "yuko Nyabulanda."

Baba, hapa ndipo mwisho wa kuhama. Mungu akupe usingizi, nawe umwangalie.