Picha ya Wavuvi wa Nyangwe

Lori la Salamabila lilikuwa limeshajaa pale kijana asiyejulikana aliporukia juu ya magunia, akachungulia simu ya Estelle, abiria aliyekuwa akiangalia blogi yake.

"Dada, hii foto ya wavuvi kwa blogi yako, ni miye niliipiga."

"Niliikuta kwa internet, kaka. Si ya watu wote?"

"Nguo ukiikuta kwa kamba ya mutu, unavaa?"

Abiria walicheka, hasa wasiojua blogi ni nini.

Estelle aliona haya. "Niitoshe kwa blogi?"

"Hapana, iache! Andika tu jina langu, Pitchou wa Lusangi. Watu wataniita kupiga foto kwa ndoa zao."

"Nitaandika leo, kaka."

Lori liliposimama Lusangi, Pitchou alishuka. Estelle alikuwa amebakiwa na mega chache tu za internet, za kumsalimia mama yake jioni. Akaandika jina, akatuma, mega zikaisha.