Ripoti za Mlangoni: Maisha ya Mzee Yan Shoutian (1914–1996)

Mtu akitumwa kazi ya miaka sita, akaikalia miaka arobaini na miwili, anamwakilisha nani? Swali hilo lilimkosesha raha marehemu Mzee Yan Shoutian, naye mwishowe hakulikimbia.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1914 katika wilaya ya Shiqiao, Hunan, mtoto wa tatu wa mhunzi. Alisomea ualimu Changsha, akafundisha hesabu. Novemba 1947 watu wa Shiqiao walimchagua awe mjumbe wa Bunge la Taifa, lililomchagua rais kwa niaba ya wananchi. Aliwaahidi jambo moja: baada ya kila kura angebandika ripoti kwenye lango la mji.

Mwaka 1949 vita vya Wachina wenyewe kwa wenyewe vilimvusha bahari hadi kisiwa cha Taiwan, lango likabaki ng'ambo. Chama tawala kiliwaambia wajumbe wabaki vitini mpaka bara likombolewe kutoka kwa Wakomunisti. Kila miaka sita alipanda treni kwenda Taipei, akampigia kura mgombea wa chama, akarudi Taichung na kubandika ripoti kwenye mlango wa jikoni kwa gundi ya uji wa mchele. Tusifichane: ule haukuwa uchaguzi.

Jiko lilikuwa la Bi Xiao A-mian, muuza tambi mzaliwa wa Taichung, ambaye Mzee Yan alimwoa mwaka 1953.

"Mheshimiwa," alizoea kumwambia, "wapiga kura wako ni mimi na hawa kuku wawili, na kuku hawajui kusoma."

Bi A-mian mwenyewe alijifunzia kusoma kwenye mlango ule.

Machi 1990 wanafunzi waliketi uwanjani Taipei wakidai wajumbe wazee waondoke. Mjukuu wake Kehan, mwandishi wa wasifu huu, alikuwa kati yao, siku ya tatu bila kula. Babu yake alikuja kumtafuta kabla ya kwenda kupiga kura. Kehan alimwambia mbele za watu, "Babu, waliokutuma walishakufa. Unaingia mle kwa niaba ya nani?"

Mzee alivua skafu yake, akamfunga mjukuu shingoni kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, akaondoka.

Siku hiyo alitumbukiza karatasi tupu. Wiki hiyohiyo alijiuzulu, na mlangoni akabandika ripoti fupi kuliko zote: "Ndugu wa Shiqiao, muda mlionipa uliisha zamani. Nisameheni." Bi A-mian aliisoma, akasema hiyo ndiyo ya kwanza isiyo na porojo, akampakulia tambi.

Tarehe 23 Machi 1996 wananchi walimchagua rais wao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mapafu yalikuwa yakimsumbua Mzee Yan tangu majira ya baridi, lakini alipanga foleni kwenye shule ya msingi ya mtaani, ameshikwa mkono na mkewe.

"Leo tuko sawa, mheshimiwa," alimnong'oneza. "Wewe moja, mimi moja."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei, saa kumi na moja jioni. Ameacha mjane, mwana mmoja, Jiewen, mkwe, na wajukuu wawili, Kehan na Kerou.

Asubuhi yake Kehan alimkuta bibi yake jikoni akikoroga uji wa mchele. Bibi alibandika karatasi mlangoni, akailainisha polepole kwa kiganja. Ilisema: "Kwa watu wa Shiqiao. Mjumbe wenu anarudi kwenu. Mpokeeni kwa amani."