Vidole Vitatu Chini ya Madigadi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa pikipiki aliyefariki juzi kwa maradhi ya figo. Mlimwita Vidole Vitatu. Mlimwita hivyo kwa kumcheka, msijifanye leo kwamba mlimpenda. Jana mazikoni niliwaona mkilia kuliko wafiwa.

Kazi yake ilikuwa tairi. Miaka thelathini, tairi. Ukimpelekea tairi kubwa kuliko lile lililokuja na pikipiki yako, alikwambia, "Niletee mtu mzito kuliko wote unaowapakia." Ukimleta, alimketisha nyuma, springi zikabonyea, kisha akapiga goti na kupitisha vidole kati ya tairi na madigadi. Vikipita vitatu, anafunga. Visipopita, beba tairi lako uende.

Mjane wake ameniambia, "Alikuwa akisema tairi kubwa linainua pikipiki, lakini springi ni zilezile, na nafasi ya kubonyea inapungua. Alisema hivyo hata mezani. Nikamwambia, baba watoto, kula kwanza."

Na nyinyi mlitaka nini? Mlitaka nyuma ibinuke. Stendi ikawa fupi, pikipiki ikaegemea upande kama mlevi. Usukani ukawa mwepesi, ukipiga chafya unayumba. Hiyo mkaiita fasheni. Wajinga ndio waliwao, na wauza matairi walikula wakashiba.

Nawasema nyinyi, lakini nyani haoni kundule. Mwaka juzi nami nilimpelekea tairi kubwa. Akataka nilete mtu. Nikamleta mama yangu mzazi. "Shikamoo mama. Samahani, kaa vizuri hapo," akamwambia, akapiga goti. Kilipita kidole kimoja. Akakataa kufunga. Nikamwita mwoga mbele ya watu. Kesho yake, kwenye kipaza sauti hikihiki, nikamfanya kichekesho cha asubuhi. Mlicheka sana. Mlinitumia na ujumbe wa pongezi.

Tairi nikafungiwa na mwingine, ambaye hakutaka kumwona mama wala mtu yeyote. Wiki ileile nilimpakia mama kumpeleka kliniki. Kwenye tuta la kwanza springi zikabonyea, tairi likakwama kwenye madigadi, tukaanguka. Mimi nilichubuka kiwiko. Mama alivunjika nyonga.

Pikipiki niliirudisha kwa Vidole Vitatu. Akafunga lile tairi la zamani. Nilisubiri anitukane, kwa kuwa mimi ningemtukana. Aliuliza jambo moja tu, "Mama anaendeleaje?" Sikumwomba radhi. Mdomo huu unaoongea kwa saa nne nzima kila siku ulishindwa kusema neno moja. Nikajiambia ipo siku.

Jana mama alitaka kwenda kumzika. Nikamwambia, panda mama, tairi ni lile la zamani. Akanitazama.

"Yule si mwanangu, lakini alipiga goti akanipimia," akasema. "Wewe uliona uzuri wa tairi."

Akashika mkongojo wake, akatembea. Nami nikaisukuma pikipiki nyuma yake mpaka makaburini.

Kwa mjane na watoto, poleni sana. Radhi ambayo sikumwomba baba yenu, naiomba kwenu, tena kwenye kipaza sauti kilekile. Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, mnaojiandaa kumpakia mtu wenu leo, mketisheni kwanza, kisha pigeni goti mpitishe vidole. Visipopita vitatu, mshusheni.