Rasih Efendi Yu Hai, Amestaafu Tu

Rasih Efendi, mkaguzi mkuu wa shule za msingi katika Wizara ya Elimu, amestaafu tarehe 28 Februari 1324 kwa kalenda ya serikali, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Yu hai. Jambo hili la pili kwa kawaida haliandikwi katika wasifu wa mstaafu, lakini safari hii hatuna budi, maana mikoa kadhaa ya dola imekwisha kumsomea khitma.

Telegramu ya Wizara kwenda mikoani ilisema, "Mkaguzi Rasih Efendi mütekaid oldu", yaani amekuwa mstaafu. Mahali fulani njiani neno la mstaafu lilidondoka. Likabaki "Rasih Efendi oldu": Rasih Efendi amekuwa. Amekuwa nini? Hakuna aliyeuliza. Katika hati yetu ya Kituruki, inayotumia herufi za Kiarabu, oldu, "amekuwa", na öldü, "amekufa", huandikwa kwa herufi zilezile, kwa sababu herufi vav hubeba sauti nne wala haionyeshi ni ipi. Kila karani aliyeipokea alisoma neno lililoleta maana, akaduwaa.

Habari ilirudi Istanbul kwa treni ya Izmit. Adhuhuri imamu wa mtaa alibisha mlangoni kwa Rasih Efendi, nyuma yake waoshaji wawili na jeneza tupu. Mkewe, Behice Hanım, alifungua.

"Poleni, binti yangu. Maiti yuko wapi?"

"Maiti gani?"

"Mumeo, Mungu amrehemu."

"Yuko jikoni anamenya vitunguu," alisema Behice Hanım, kisha akageuka na kuita, "Efendi! Hebu njoo, wamekuja kukuchukua!"

Rasih Efendi alitokea na kisu mkononi, machozi yakimtiririka. Mwoshaji mmoja alikaa chini pale pale kizingitini. Ilibidi apewe maji.

Wanaojua kazi ya Rasih Efendi wanajua kwamba herufi iliyomuua ni ileile aliyopigana nayo maisha yake yote.

Alizaliwa Safranbolu, mwana wa mshona matandiko ya farasi. Alipoanza kufundisha, sheria ya elimu ya dola ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na mzaha wa siku zile ulikuwa kwamba Wizara ina makarani wengi kuliko wanafunzi. Alitumwa Yanya, kisha Halabi, kisha Basra. Huko Yanya nyumbu wake alitafuna ramani ya ukutani, naye akaandika katika taarifa yake: "Asia imeliwa. Ulaya ni salama." Aliitwa makao makuu kueleza alikuwa na maana gani. Alieleza kwamba maana yake ni nyumbu. Maelezo yalikubaliwa baada ya majuma kadhaa.

Katika shule zote hizo aliona kosa moja. Mtoto anayejua kusoma alifika kwenye vav, akasimama, akabahatisha. Rasih Efendi alipendekeza kitu kidogo: vitabu vya darasa la kwanza viweke alama juu ya herufi hiyo, mfano wa kofia, ili mtoto ajue sauti ipi inatakiwa. Viongozi walijibu kwamba herufi zilizowatosha babu zetu haziwezi kuwashinda wajukuu. Ofisini alipachikwa jina la Bwana Kofia.

"Rasih Efendi, leo vav imevaa?" makarani walimtania kila asubuhi.

"Inatembea kichwa wazi," alijibu. "Itapata mafua, na mtakaopiga chafya ni ninyi."

Chafya ilikuja miaka kumi na minne iliyopita, katika mji mmoja wa mkoa wa Kastamonu, kwenye sherehe ya kumbukumbu ya Sultani kukalia kiti. Liwali alikuwepo, na wakubwa wa jeshi, na bendi. Mwalimu wa shule ya wasichana, Mürüvvet Hanım, wakati huo akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, alimsimamisha mwanafunzi wake bora, Pakize, asome dua. Dua ilimtaja Sultani wetu ulu, yaani mtukufu. Neno hilo na ölü, yaani maiti, huandikwa sawasawa. Pakize alifika kwenye vav, akasimama, akabahatisha. Kwa sauti safi iliyofika hadi safu ya nyuma alimwomba Mungu ampe umri mrefu Sultani wetu maiti.

Kikombe cha Liwali kilibaki hewani kati ya sahani na mdomo. Mkuu wa bendi, kwa hofu, alianzisha wimbo wa taifa kabla ya wakati, na nusu ya bendi haikumfuata.

"Umesoma nini, mwanangu?" Mürüvvet Hanım alinong'ona.

"Nimesoma kilichoandikwa, Mwalimu."

Siku zile mtu alifukuzwa kazi kwa neno dogo kuliko hilo. Mürüvvet Hanım alisimamishwa, na ikasemwa waziwazi kwamba atapelekwa uhamishoni jangwani Fezzan. Tume iliundwa. Mwenyekiti wake alikuwa Galib Bey, mkuu wa kamati ya vitabu ya Wizara, na shahidi mkuu alikuwa mkaguzi aliyekaa safu ya mbele siku ile, yaani Rasih Efendi.

"Wewe ndiye unayetaka kuivika vav kofia, kwa sababu eti watoto huchanganya?" aliuliza Galib Bey.

"Ndiye, Bey."

"Basi wanachanganya, au hawachanganyi?"

Swali lilikuwa mtego. Akisema wanachanganya, basi neno lile lilitamkwa mbele ya Liwali, na aliyemsimamisha mtoto atalilipia. Akisema hawachanganyi, basi hakuna aliyelisikia, na kofia yake imekufa.

"Hawachanganyi," alisema Rasih Efendi. "Hakuna mtoto wa dola hii awezaye kulisoma neno lile vingine. Msichana alikuwa na mafua. Alisema mtukufu."

"Kwa hiyo alama haihitajiki?"

"Haihitajiki."

Mürüvvet Hanım alirudi darasani. Tangu hapo Rasih Efendi alileta pendekezo lake mbele ya kila waziri mpya, na kila mara Galib Bey alimsomea maneno yake mwenyewe. Hakuwahi kuyakana. Kuyakana kungemrudisha mwalimu yule mbele ya tume. Katiba iliporejeshwa majira ya joto yaliyopita, wenzake walimwambia sasa aseme, hofu imekwisha. Alijibu kwamba Sultani bado yupo kitini na Galib Bey bado yupo mezani.

Mürüvvet Hanım leo ni mkuu wa shule ya wasichana Izmit. Alisoma telegramu, akafunga shule, akapanda treni, akafika mlangoni kwa Rasih Efendi akiwa amevaa baibui la msiba. Mlango aliufungua maiti mwenyewe. Behice Hanım anasema mgeni alishika ukuta kwa mikono miwili.

"Umesoma vibaya, Mwalimu," alisema Rasih Efendi.

"Nimesoma kilichoandikwa," alijibu alipopata pumzi. Kisha akalia, kisha akakasirika. "Miaka yote hii, efendim! Umejifungia ndani ya ushahidi ule ili mimi niwe nje?"

"Kaa unywe kahawa."

"Kahawa baadaye."

Siku ya pili Mürüvvet Hanım aliingia bila kuitwa katika kamati ya vitabu, ambako Galib Bey alikuwa bado anapokea rambirambi kwa niaba ya Wizara. Alisema mambo mawili. La kwanza, marehemu anamenya vitunguu. La pili: "Pakize alisema maiti. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimsikia, Liwali alimsikia, na wewe, Bey, ulijua. Kama kuna adhabu, mimi hapa."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alikuwa bado na kipande cha halua ya msiba kwenye sahani yake, akakisukuma kando taratibu. Galib Bey aliuliza kama kuna yeyote mezani aliyeisoma telegramu ile vizuri. Hakuna aliyeinua mkono. Hata yeye hakuuinua.

Adhabu haikutajwa. Vitabu vya darasa la kwanza vya mwaka ujao wa masomo vitachapishwa na alama juu ya vav. Pakize, ambaye sasa anafundisha Bolu, ameandikiwa habari hii.

Wizara inamshukuru Rasih Efendi kwa miaka thelathini na saba, na kwa mafua ya uongo ya mtoto mmoja. Behice Hanım anaomba watu wasilete halua tena, imetosha. Nasi tunamtakia Rasih Efendi umri mrefu na vitunguu visivyowasha. Mpanga herufi wetu ameivika vav kofia kila inapotokea katika ukurasa huu, kofia za kwanza kuchapishwa katika dola. Msomaji, soma pole pole: Rasih Efendi amekuwa mstaafu.